Tumbo la mtoto: maswali ambayo wazazi wa Kigoma hutuuliza kliniki

Maswali haya yametoka kwenye benchi la kliniki ya watoto hapa Kigoma mjini. Mengine ni ya akina mama wa Ujiji na Kibirizi, mengine ya akina baba wanaoleta watoto kwa boti kutoka vijiji vya mwambao, na mengi ni ya bibi, ambao mara nyingi ndio walezi wenyewe. Ninayejibu ni daktari wa watoto. Majibu haya hayamalizi kazi ya mhudumu aliye karibu nawe, na pale nilipoandika "usisubiri", namaanisha usiku huohuo.

Daktari wa tumbo la watoto anafanya kazi gani hasa?

Anauliza habari za choo. Sitanii. Kimetoka mara ngapi, kina rangi gani, ni maji matupu au kina makamasi, kina damu, kinaelea, kinanuka vipi, mtoto analia akikitoa au halii. Kisha anauliza matapishi, halafu chakula, halafu uzito kwenye kadi ya kliniki. Baada ya hapo ndipo anamshika mtoto tumbo, na vipimo huja mwisho. Wazazi wengi hutaka mpangilio uwe kinyume: utrasaundi kwanza, mazungumzo baadaye. Lakini magonjwa mengi ya tumbo la mtoto hujulikana kwa maelezo ya mama, na kipimo huja kuthibitisha tu.

Eneo lake ni pana: koo la chakula, tumbo lenyewe, utumbo mwembamba na mpana, njia ya haja kubwa, pamoja na ini, nyongo na kongosho. Mtu husoma udaktari miaka 5, hufanya kazi chini ya uangalizi mwaka 1, husomea ubingwa wa watoto miaka 3, na anayetaka kuwa bingwa bobezi wa mfumo wa chakula huongeza miaka mingine juu yake. Mabingwa bobezi wa aina hiyo ni wachache nchini, na hupatikana zaidi hospitali kubwa. Huku kwetu kazi kubwa hufanywa na tabibu na wauguzi wa zahanati na vituo vya afya, kisha hospitali za wilaya, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Maweni. Ikishindikana hapo, safari ni hospitali ya Bugando kule Mwanza, au Muhimbili kule Dar es Salaam.

Jambo moja la kunisaidia: njoo na nepi yenye choo, umeifunga kwenye mfuko, au piga picha kwa simu. Usione haya.

Mwanangu anaharisha tangu asubuhi. Nianze na nini?

Anza na ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganywa na maji, na uanze sasa, kabla hujajua kama utakwenda hospitali au la. Kinachoua katika kuharisha ni maji na chumvi vinavyotoka mwilini. Utumbo unaoharisha bado una mlango mmoja unaofanya kazi: sukari na chumvi zikifika pamoja kwa vipimo sahihi, ukuta wa utumbo huzipokea zote mbili na maji huzifuata. Maji peke yake hayaingii vizuri hivyo. Soda na juisi zina sukari nyingi mno, na huweza kuvuta maji kutoka mwilini kwenda utumboni, mtoto akazidi kuharisha.

Kwa hiyo kipimo ni kila kitu. Soma pakiti: nyingi huchanganywa na lita 1 ya maji safi, yaliyochemshwa yakapoa. Chupa ya maji ya dukani ya lita 1 ndiyo kipimo rahisi kuliko vyote. Usigawe unga nusu kwa nusu kwa kukadiria kwa macho, usiuweke kwenye kikombe kimoja ili "iwe kali", usiongeze sukari. Ukishachanganya, tumia ndani ya saa 24, kinachobaki mwaga.

Mtoto wa chini ya miaka 2 mpe mililita 50 hadi 100 kila baada ya kuharisha, yaani robo hadi nusu ya kikombe cha chai. Aliyezidi miaka 2 mpe 100 hadi 200. Akitapika, subiri dakika 10, kisha endelea kijiko kimoja kimoja, polepole. Hapa ndipo wengi hukata tamaa: "Daktari, ORS imemkataa." Haijamkataa. Amepewa kikombe kizima kwa mkupuo, na tumbo linalouma halipokei mkupuo. Kijiko kila dakika moja au mbili kinachosha mkono wa mama, hilo nalijua, kwa hiyo gawaneni zamu: baba, shangazi, dada.

Pakiti ikikosekana kabisa na zahanati iko mbali, changanya vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi katika lita 1 ya maji safi. Sawazisha kijiko kwa kisu, kisiwe na kilima. Chumvi ikizidi ni hatari kuliko ikipungua.

Pamoja na ORS, mpe vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14: miligramu 10 kwa siku kama hajafika miezi 6, miligramu 20 kama amefika. Kuharisha kukikoma siku ya tatu, usiache zinki. Inaendelea kukarabati utumbo na kupunguza kurudi kwa tatizo. Na chakula kiendelee. Anayenyonya anyonye zaidi. Ile desturi ya kumfungisha mtoto "tumbo lipumzike" humwongezea udhaifu tu.

Kuna wanaoidharau ORS kwa sababu ni rahisi na mara nyingine hutolewa bure, wakaona dripu ndiyo dawa ya kweli. Mwaka 1971, vita vya Bangladesh vilipojaza wakimbizi mpakani mwa India, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa dripu katikati ya mlipuko wa kipindupindu, akaamua wagonjwa wapewe mchanganyiko wa chumvi na sukari wanywe, wakinyweshwa na ndugu zao wenyewe. Vifo katika kambi yake vilishuka kutoka kama asilimia 30 hadi chini ya 4. Mkoa wetu unaelewa habari hiyo vizuri. Mei 2015, wakimbizi wa Burundi walipojazana Kagunga, kijiji cha ufukweni ambako watu walichukuliwa kwa meli ya Liemba kuletwa Kigoma, kipindupindu kililipuka, na mchanganyiko huohuo ulikuwa silaha ya mstari wa mbele.

Nitajuaje kwamba maji yamemwishia?

Mwangalie macho: yamezama? Analia bila machozi? Mdomo mkavu? Utosi wa kichanga umebonyea? Amekojoa lini mara ya mwisho? Finya ngozi ya tumbo, vuta juu, achia: ikirudi polepole, maji yamepungua. Ikichukua zaidi ya sekunde 2, hali ni mbaya.

Mtoto mwenye kiu anayegombania kikombe bado ana nguvu, endelea kumpa na umpeleke kituoni. Mtoto aliyelegea, anayelala tu, asiyeweza kunywa au kunyonya, usisubiri. Mpakate, panda bodaboda, na njiani endelea kumtia kijiko kama anameza. Vilevile usisubiri choo kikiwa na damu, au kikitoka kingi cheupe kama maji ya mchele, au mtoto akiwa hajatimiza miezi 2. Kuharisha kukifika siku 14, hata kama mtoto anacheza, ni tatizo jingine na linahitaji uchunguzi.

Mbona hukumwandikia dawa ya kukata kuharisha?

Kwa sababu kuharisha kwingi kwa watoto husababishwa na virusi, na virusi haviuawi na metronidazoli, ile ambayo kila duka la dawa muhimu hukuuzia kwa jina la flajili. Ladha chungu, kichefuchefu, na mtoto anakataa hata ORS. Vidonge vya watu wazima vya kufunga tumbo ni vibaya zaidi: kwa mtoto mdogo huweza kusimamisha utumbo na kumlevya. Antibayotiki ina nafasi yake, hasa choo cha damu na kipindupindu kikali, na hapo tutakuandikia bila ubishi.

Kirusi mkorofi kuliko wote, rota, kina chanjo. Tanzania inaitoa tangu mwaka 2013, ni matone ya mdomoni, na mtoto huanza akiwa na wiki 6. Usichelewe, chanjo hii ina dirisha lake la umri. Haizuii kila aina ya kuharisha, kwa hiyo usishangae aliyechanjwa akiharisha. Huzuia zaidi kule kuharisha kunakompeleka mtoto wodini.

Bibi anasema ni meno. Jirani anasema ni meno ya plastiki na yang'olewe. Nimsikilize nani?

Nianze na bibi, kwa heshima. Mtoto huota meno karibu na miezi 6, umri uleule anaoanza kula, kutambaa na kuokota kila kitu akitie mdomoni. Kinga aliyopewa na mama nayo inapungua. Anaharisha kwa sababu ya uchafu unaoingia, na jino limeonekana siku hizohizo, basi lawama zikaliangukia. Ukisema "ni meno, yataisha" unaweza kumkalisha nyumbani mtoto anayekaukiwa maji.

Jirani nitamkatalia moja kwa moja. Hakuna meno ya plastiki, wala ya nailoni. Zile nundu nyeupe kwenye fizi za kichanga ni meno ya chonge ya utotoni yaliyo njiani kuota. Imani hii ilisambaa nchini miaka ya 1980, na tangu hapo watoto wenye homa na kuharisha wamekuwa wakichokonolewa fizi kwa spoku ya baiskeli, msumari au kisu. Matokeo tunayapokea sisi: damu inayoendelea kuvuja kwa mtoto ambaye tayari ana upungufu wa damu, usaha, pepopunda, na miaka baadaye meno ya ukubwani yaliyoharibika. Na ule ugonjwa uliomfanya aharishe bado uko palepale, ila umechelewa kutibiwa. Kukata kimeo kwa sababu mtoto anatapika au anakohoa kuna hatari zilezile.

Mkwe akikushinikiza, njoo naye kliniki. Ni rahisi mimi kubishana naye kuliko wewe.

Kichanga wangu anatapika kila akinyonya. Ni kawaida?

Tofautisha kucheua na kutapika. Kucheua ni maziwa kidogo yanayomtoka mdomoni bila nguvu, mtoto akiwa mzima, anaongezeka uzito. Kunahitaji khanga begani na kumsaidia abeue hewa baada ya kunyonya, basi. Wengi huacha kabla ya kutimiza mwaka.

Maziwa yanayoruka mbali kwa nguvu, kwa mtoto wa wiki 2 hadi 8 ambaye akimaliza kutapika anataka kunyonya tena, yananipa wasiwasi kwamba mlango wa kutokea tumboni umekaza. Hutibiwa kwa upasuaji mfupi, na hupona vizuri kabisa kama hakuchelewa.

Matapishi ya kijani kwa kichanga ni dharura, hata kama ni mara moja tu. Kijani ni nyongo, na nyongo ikirudi juu maana yake njia chini yake huenda imeziba au utumbo umejisokota. Utumbo uliojisokota hukosa damu, na saa chache zinatosha kuuharibu. Usisubiri asubuhi.

Kuna mwingine: mtoto mnono, mara nyingi wa miezi 4 hadi 10, analia ghafla huku akikunja magoti, ananyamaza, anachoka, analia tena, kisha choo kinakuja na makamasi mekundu. Hapo utumbo umejiingiza ndani ya utumbo mwenzake. Wengi huletwa wamechelewa kwa sababu walitibiwa kwanza kama wanaoharisha damu.

Ana mwezi na nusu, ananyonya tu, hajapata choo siku ya nne.

Anajamba? Tumbo laini? Ananyonya na kuongezeka? Basi mwache. Maziwa ya mama yanaweza kutumika karibu yote, na mtoto wa umri huo anaweza kukaa hata wiki. Asiingizwe kipande cha sabuni, wala mafuta, wala maji ya mitishamba.

Swali langu litakuwa jingine: choo cha kwanza, kile cheusi kama lami, kilitoka lini? Kinatakiwa kitoke ndani ya saa 24. Kikichelewa kupita saa 48, na tumbo likawa linajaa, tunafikiria ugonjwa wa Hirschsprung, ambapo sehemu ya mwisho ya utumbo haina mishipa ya fahamu ya kusukuma. Harald Hirschsprung, daktari wa watoto wa Copenhagen, aliueleza mwaka 1886. Tiba yake ni upasuaji.

Wa miaka 4 anajichafulia nguo. Tumemchapa, haachi.

Muacheni kumchapa kuanzia leo. Karibu kila mara mtoto huyu hajui kama kinatoka. Alipata choo kigumu siku moja, kikamuumiza, akaanza kukibana. Kilichobanwa hukauka na kuwa kikubwa zaidi, utumbo ukatanuka, hisia zikafifia, na sasa choo laini kinapenya pembeni ya donge gumu na kuchafua nguo. Mzazi anaona kuharisha, ananunua dawa ya kufunga, na donge linazidi.

Tunamsafisha utumbo kwanza, kisha dawa ya kulainisha choo, mara nyingi laktulosi, kwa miezi mingi. Narudia, miezi. Wazazi huacha wiki ya pili choo kikishalainika, na baada ya wiki chache wako kliniki tena. Mkalishe chooni dakika 5 hadi 10 baada ya kula, miguu ikanyage kitu, asining'inie. Choo cha shimo chenye tundu kubwa na giza humtisha mtoto, mtafutie poti. Ongeza maji, papai, embe, maharage, matembele, mlenda. Ugali wa muhogo na kipande cha samaki wa mgebuka peke yake, asubuhi na jioni, haviwezi kulisukuma tumbo la mtoto.

Macho yake ni ya manjano tangu azaliwe. Nimeambiwa nimwanike juani.

Manjano ikivuka siku 14, asiendelee kuanikwa, apimwe. Na angalia choo: kikiwa cheupe au cha kijivu kama udongo wa mfinyanzi, njia za nyongo huenda zimeziba. Kuna upasuaji wake, uliobuniwa na Morio Kasai wa Japani, na matokeo huwa mazuri zaidi ukifanyika kabla mtoto hajatimiza siku 60. Kutoka Kigoma, siku 60 ni chache sana ukihesabu rufaa na nauli.

Analia kila jioni, anakunja miguu. Wanasema ni mchango.

Kama hana homa, hatapiki, ananyonya na anakua, ni kilio cha kichanga, ambacho hufika kilele karibu na wiki ya 6 na kupungua miezi 3 hadi 4. Hakuna dawa ya uhakika. Mbebe, mbadilishie mlalo, mpe mtu mwingine amshike. Mitishamba ya mchango inaweza kuumiza ini na figo.

Tumbo linamuuma kila asubuhi kabla ya shule. Maabara walisema ana taifodi, mara vidonda vya tumbo.

Kipimo cha taifodi kinachofanywa kwa tone la damu, cha Widal, huonyesha "chanya" kwa watu wengi wasio na taifodi. Kipimo cha damu cha bakteria wa vidonda vya tumbo nacho hakitofautishi maambukizi ya sasa na ya zamani. Bakteria huyo ni wa kweli, Barry Marshall na Robin Warren waliomgundua walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005, lakini hupimwa vizuri zaidi kwa choo au kwa kamera ya kuingia tumboni, na kuwa naye tu hakumaanishi ndiye anayemuumiza mtoto. Nimeona watoto waliokwishameza dozi juu ya dozi, na maumivu yako palepale.

Maumivu ya kitovuni, yanayokuja na kuondoka, mtoto akiwa mzima Jumamosi na Jumapili, mara nyingi hayana kidonda nyuma yake. Ni ya kweli, haigizi. Nitauliza choo kigumu, nitauliza kama anakunywa chai kabla ya kutoka, nitauliza nani anamwonea shuleni. Nitabadili mawazo akiwa anaamshwa usiku na maumivu, anakonda, ana damu chooni, au anaumwa upande mmoja daima. Na akiwa na homa pamoja na kutapika, huku kwetu tunapima malaria kwanza. Mtoto wa selimundu (sikoseli) mwenye tumbo lililovimba ghafla upande wa kushoto aje mbio.

Dawa ya minyoo nimpe kila akikonda?

Kampeni za Juni na Desemba, pamoja na matone ya vitamini A, zinatosha kwa wengi. Dawa ya minyoo huanza mwaka mmoja. Kinachosahaulika hapa ni kichocho cha tumbo. Watoto wa mwambao wanaooga na kucheza ziwani hukipata kupitia ngozi, kutoka kwa konokono wa majini. Huleta maumivu na damu chooni, na kikikaa miaka, ini hukakamaa, wengu huvimba, hata kufikia kutapika damu. Dawa yake ni prazikwanteli, hutolewa mashuleni. Mtoto asiikose siku hiyo. Dawa ya minyoo ya kawaida haikitibu.

Amemeza kitu.

Kostiki ya kutengenezea sabuni ya mawese ndiyo inayonitia hofu kuliko zote, kwa sababu hapa kwetu sabuni hupikwa nyumbani na maji ya kostiki huhifadhiwa kwenye chupa za maji ya kunywa. Inaunguza koo la chakula mara moja. Msuuze mdomo, usimtapishe, usimpe limao "liizime", mlete. Asiyeletwa anaweza kuonekana amepona, kisha baada ya wiki koo linajifunga kwa kovu na hamezi hata mate; hapo ni kupanuliwa koo mara nyingi, mbali na nyumbani. Chupa ya kostiki ifungwe kabatini, na isiwe chupa ya maji kamwe.

Betri bapa ya saa au rimoti iliyokwama kooni huanza kuunguza ndani ya saa 2. Usisubiri. Sarafu huwa na nafuu, lakini apigwe eksirei.

Wanasema mtoto amebemendwa, ndiyo maana anaharisha na kukonda.

Baba na mama kukutana kimwili wakati mtoto ananyonya hakuharibu maziwa. Ninachokiona mara nyingi ni mimba nyingine iliyokuja mapema, mtoto akaachishwa ziwa ghafla, akabaki na uji mweupe. Na hadithi ya kubemendwa huwafanya wazazi waone aibu, wakachelewa. Mhudumu atampima mkono kwa utepe: chini ya sentimita 11.5 kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5, au miguu ikivimba pande zote mbili, ni utapiamlo mkali, na kuna chakula dawa kwa ajili yake. Nyumbani, uji uongezewe dagaa waliosagwa na kijiko cha mawese mekundu, yenye nguvu na malighafi ya vitamini A. Vyote viwili viko sokoni Kigoma, na hakuna unga wa lishe wa bei mbaya ninaoutanguliza mbele yake.

Nimepewa rufaa. Nibebe nini, na hela sina.

Sera ya afya inawasamehe watoto wa chini ya miaka 5 gharama katika vituo vya umma. Ukikwama, uliza ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kabla hujauza kitu. Beba barua ya rufaa, kadi ya kliniki, picha zote za eksirei na majina ya dawa alizokwisha kutumia, pamoja na za kienyeji. Sitakugombeza kwa za kienyeji, nataka kuzijua tu. Ukiwa safarini, hasa kwenye treni, chukua pakiti za ORS na maji yaliyochemshwa. Mtoto mwenye matapishi ya kijani au tumbo lililojaa asilishwe kitu njiani mpaka aonwe. Mwambie muuguzi amwekee mpira wa puani, wa kutoa yaliyo tumboni, kabla hamjaondoka.